Anahesabu Hadi Mia, Lakini Tatu Haijui

Kisa hiki kilianza kwenye ndoo ya uji.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wiki ya tatu tangu shule zifunguliwe Januari. Dada wa jikoni alikuwa ameshatua ndoo mlangoni, nami nikamwambia binti aliyekuwa karibu yangu, "Mama, niletee vikombe vinne, vya wenzio hawa waliokaa mkekani." Akaenda kabatini. Akarudi amekumbatia vikombe kifuani, vingine vinamdondoka njiani, vyote alivyoweza kubeba. Nikamwambia nimesema vinne. Akavipanga chini, akaanza kuhesabu kwa sauti nzuri, kidole kinagusa kikombe kimoja kimoja: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Hakuruka wala hakurudia.

"Haya, viko vingapi?"

Akaanza upya: moja, mbili, tatu... Alipofika saba nikauliza tena viko vingapi. Akahesabu mara ya tatu, safari hii akinitazama usoni, kama mtu anayetafuta alipokosea.

Huyu ndiye mtoto ambaye darasani tunamwita Bi Mia, kwa sababu anahesabu hadi mia bila kukwama, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Alikuwa na miaka 5 na miezi 2. Siku mbili kabla ya vikombe vile, mama yake alikuja kuomba avushwe darasa la kwanza mwaka huohuo, na mwenye shule alikuwa ameshaanza kukubali. Shule yetu ni ndogo, ya binafsi, hapa mjini Tanga, na mtoto anayevushwa mapema huisifia shule mtaani. Ushahidi wao ulikuwa daftari: kurasa kwa kurasa za namba 1 hadi 100, kila ukurasa una vema nyekundu. Vema hizo niliziweka mimi.

Kwanza nilidhani hakunisikia. Walimu tuna maneno mepesi ya namna hiyo: ana papara, hasikilizi, mawazo yako kwenye uji. Kilichonizuia kuishia hapo ni ule uso wake. Mtoto asiyesikiliza hahesabu vikombe mara tatu kwa utulivu namna ile. Alikuwa ananipa kila alichonacho, na hakujua ninachotaka zaidi ya hapo ni nini.

Kesho yake nilikaa naye mkekani wakati wenzake wako nje. Nilimwaga vizibo kumi vya soda, nikamweka mbele yetu paka wa kitambaa. "Paka ana njaa. Mpe kizibo kimoja." Akampa kimoja. "Mpe viwili." Akampa viwili, hana shaka. "Mpe vitatu." Akachota kwa kiganja, vikatoka vitano. "Vinne." Akachota tena. "Vitano." Akamsukumia paka vyote. Nilirudia zoezi hili siku tatu tofauti, maana mtoto mdogo huchoka, na siku moja haitoshi kumhukumu. Kimoja na viwili hakukosea hata mara moja. Vitatu alipatia mara moja tu, na nilimwona: mkono ulichota, bahati ikaleta vitatu.

Wanaochunguza akili za watoto wadogo wameieleza hali hii vizuri. Mwaka 1978 Rochel Gelman na C. R. Gallistel walionyesha kuwa kuhesabu, jambo ambalo sisi watu wazima tunaliona moja, limeshonwa kwa vipande kadhaa. Kuna mpangilio wa maneno: baada ya tatu ni nne, kila siku. Kuna kugawa neno moja kwa kitu kimoja, bila kuruka wala kurudia. Halafu kuna kujua kwamba neno la mwisho ulilotamka si jina la kile kikombe cha mwisho. Ndilo jibu la vikombe vyote. Bi Mia alikuwa na viwili vya kwanza, tena kwa ufasaha. Cha tatu hakuwa nacho kabisa. Kwake, "viko vingapi?" ilikuwa na maana ya "niimbie ule wimbo," na ndiyo maana kila nilipouliza aliuanza mwanzo.

Karen Wynn, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alifuatilia watoto kwa zoezi hilihili la "nipe kadhaa" na kuona kwamba hawazijui namba kwa mkupuo. Mtoto huanza kujua maana ya moja. Inapita miezi, anajua mbili. Miezi tena, tatu. Baada ya hapo ndipo mlango unafunguka na nyingine zinaingia pamoja, kwa sababu sasa ameelewa kuhesabu kunafanya kazi gani. Katika miezi hiyo yote anaweza kuwa anakariri hadi ishirini au mia. Kinywa kimefika mia, mkono uko kwenye mbili.

Sitaki kukariri kudharauliwe. Watoto wetu wengi huanza madrasa wakiisoma Alhamdu kwa moyo kabla hawajajua neno moja la Kiarabu, na hakuna anayesema wanapoteza muda. Maana itawakuta safarini. Bila mpangilio wa maneno yaliyokaa kichwani mtoto hana cha kuhesabia. Tatizo linaanza pale mwalimu, na hapa najisema mwenyewe, anaposikia usomaji mzuri akahitimisha kwamba tafsiri nayo ipo.

Je, binti alikuwa mzito? Swali hili mwenye shule aliniuliza waziwazi, na nililichukua kwa uzito wake. Watoto wanaoishi kwenye nyumba zenye maneno mengi ya namba, vitabu na michezo ya kununua, wengi hufika kwenye uelewa huu wakiwa na miaka mitatu na nusu au minne. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2014 kuhusu watoto wa Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia, ulikuta watoto wanapanda ngazi zilezile kwa mpangilio uleule, ila kwa kuchelewa, wengine kwa miaka kadhaa. Ngazi ni moja. Kasi inategemea mtoto anasikia nini na anashika nini. Bi Mia alikuwa anasikia namba nyingi kwa siku, ila zilitoka kwenye simu: nyimbo za Kiingereza, tarakimu zinacheza, rangi nyingi. Kitu cha kugawa mkononi hakikuwapo. Darasani kwangu napo hakikuwapo. Nilikuwa na watoto 32, wakati mwongozo wa elimu ya awali nchini unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na daftari ndiyo njia rahisi ya kuwatuliza 32.

Ila kuna jambo jingine ambalo sikulikuta kwenye masomo ya ualimu, nami nililigundua kwa kusikiliza maneno yangu mwenyewe.

Ukutani kwangu kuna chati: 1 moja, 2 mbili, 3 tatu. Wimbo wetu wa asubuhi ni huohuo. Sasa tazama tunavyosema tukiwa na vitu. Kikombe kimoja, vikombe viwili, vitatu, vinne. Chungwa moja, machungwa mawili, matatu, manne. Mtoto mmoja, watoto wawili, watatu, wanne. Mti mmoja, miti miwili. Mtoto aliyelishika neno "mbili" kwenye wimbo hakutani nalo akiambiwa alete vikombe. Anakutana na "viwili," neno ambalo halianzi kwa sauti ileile. Halafu akifika sita, kiambishi kinatoweka ghafla: vikombe sita, machungwa sita, watoto sita. Saba vilevile, na tisa, na kumi, kwa kuwa sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu na hazikuvaa nguo zetu, na kumi, iliyo yetu ya asili, nayo haibadiliki. Nane, ambayo imekaa katikati yao, inavaa: vikombe vinane. Sisi tuliokulia kwenye lugha hii hatusikii mabadiliko hayo hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano anayasikia yote.

Kwamba umbo la lugha linagusa ujifunzaji wa namba si dhana yangu. Mwaka 2013 ulitoka utafiti ulioonyesha kuwa watoto wanaokua na Kislovenia, na wanaokua na Kiarabu cha Saudia, lugha zenye umbo maalumu la vitu viwili, huijua mbili mapema kuliko watoto wa Kiingereza. Kuhusu Kiswahili, ninachosema ni oni langu la darasani. Nilimjaribu Bi Mia kwa korosho badala ya vizibo. "Mpe paka korosho tatu." Siku ile ya kwanza alisita, akachukua mbili, akatulia, akaongeza moja. Korosho mbili, korosho tatu, korosho nne: katika ngeli hii neno la wimbo na neno la kwenye vitu ni lilelile. Ndivyo zilivyo ndizi, karanga, mbegu, sahani na kalamu. Mimi kwa miaka yote nilikuwa naanza na vizibo na vijiti kwa sababu havinunuliwi.

Basi huo ndio ukawa mpango. Kwanza vitu vya korosho na mbegu, neno lisibadilike. Akishika tatu na nne, tuhamie machungwa na vikombe, nikitamka yote mawili kwa makusudi: "Tatu. Machungwa matatu." Watoto mwishoni, kwa kuwa watoto hawatulii wahesabiwe.

Kabla ya mpango kulikuwa na mama. Alikuja Ijumaa jioni, amechoka, ametoka kazini.

"Mwalimu, mwanangu anajua namba mpaka mia. Mtoto wa jirani yangu hata ishirini haimalizi, na yuko darasa la kwanza."

Sikubishana naye. Nilimwaga mbegu za ukwaju mezani, nikamwomba amwambie mwenyewe ampe mbegu tatu. "Nipe tatu, mama." Mtoto akachota. "Nimesema tatu." Mtoto akamtazama, akaongeza nyingine. Mama akajaribu tano, akapewa zote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona nyumbani anahesabu?"

"Anahesabu kweli, mama. Bado hajajua kwamba ile ya mwisho ndiyo jumla yao."

Kwa upande wa mama, zoezi lile lilifanya kazi kuliko maelezo ya saa nzima. Kwa upande wa mtoto nilikosea. Alikuwa amesimama palepale, na aliona uso wa mama yake unavyobadilika kwa ajili yake. Nilipaswa kumpeleka kwanza akacheze, nimweleze mama kwa yale niliyoandika siku zile tatu. Wiki iliyofuata Bi Mia hakutaka kugusa mbegu za ukwaju. Alizisukuma pembeni kila zilipotokea, na ilinibidi nizitoe darasani kabisa.

Siku hiyohiyo nilijua pia sababu ya haraka ya mama. Ilikuwa ada. Kumvusha sasa ni kuokoa mwaka mmoja wa kulipa, maana angemhamishia shule ya serikali ambako hakuna ada. Hilo ni jambo la haki kabisa kwa mama anayeondoka nyumbani alfajiri, na mwalimu anayelisikia akalichukulia kama tamaa hajawahi kuhesabu shilingi za mwisho wa mwezi. Nilimwambia ukweli: darasa la awali la serikali nalo halina ada, anaweza kumhamishia huko akamaliza mwaka wake kwa umri wake. Mwenye shule hakufurahi niliposema hivyo. Mama alifikiri siku tatu, akaamua abaki kwetu hadi Desemba. Januari atakuwa ametimiza miaka 6, umri ambao ndio wa kuingia darasa la kwanza.

Kazi yenyewe ilichukua wiki nane, na sehemu kubwa haikufanyika kwenye daftari. Nilimkabidhi vikombe. Kila saa nne yeye ndiye anayegawa: huu ni mkeka wa watoto watatu, ule wa wanne. Mwanzo alikuwa anapeleka kikombe kimoja, anarudi, anapeleka kingine, hadi kila mtoto apate. Nilimwacha. Kulinganisha kikombe na mtoto, mmoja kwa mmoja, ndiyo mizizi ya kuhesabu, na uji ulipoa mara chache tu. Wiki ya tatu alisimama kabatini akaangalia mkeka, akatazama kabati, akabeba vitatu kwa pamoja. Havikuzidi wala havikupungua. Alitembea polepole kama amebeba mayai.

Mchezo wa mdako nao ulisaidia kuliko nilivyotegemea. Wasichana wakubwa wa mtaa ule huchimba kishimo, wanajaza kokoto, anayecheza anarusha kete juu, kabla haijatua anakomba kokoto nje ya shimo. Anarusha tena, anarudisha zilizozidi na kubakiza moja. Raundi inayofuata anabakiza mbili mbili, kisha tatu tatu. Hakuna nafasi ya kuimba kuanzia moja. Kete iko hewani. Jicho lazima lizione tatu kama tatu. Binadamu huweza kutambua vitu vichache, vitatu au vinne, kwa kutazama tu, na mdako unalinoa jicho hilo kwa namna ambayo chati yangu ya ukutani haijawahi. Bi Mia mikono yake bado ni midogo, alikuwa anashindwa kudaka. Wakubwa wakamruhusu arushe na kusubiri kete itue. Alicheza hivyohivyo kila adhuhuri.

Aliyefanya kubwa kuliko sote ni bibi yake. Anauza machungwa ya Muheza kwa mafungu, kwenye kibaraza cha nyumba Ngamiani. Nilikwenda kumsalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mjukuu wangu kafanya nini?"

Nilimweleza. Akasema yeye hakuenda shule sana, lakini fungu hajawahi kulikosea. Nikamwomba amwachie mtoto kazi ya kupanga. Fungu ni machungwa matano: manne chini, moja juu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nisingelibuni darasani. Fungu lina umbo. Likipungua moja, linaonekana limepungua kabla hujahesabu, na mteja analiona pia na anasema. Tena lina jina lake: "fungu moja" ni kitu kimoja chenye vitano ndani yake. Na kosa linatambulika palepale bila mwalimu kukunja uso.

Katikati ya Machi bibi alinitumia salamu kwa mama: mjukuu amemwambia mteja, "Hili ni manne, ngoja nikuongeze." Jumatatu nilimwomba vizibo sita kwa ajili ya paka. Alivitoa kimoja kimoja akihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, akasimama kwenye sita. Nikauliza viko vingapi. "Sita," akasema, akanishangaa kwa nini nauliza. Nikamwomba vinane, akatoa vinane. Miezi miwili nyuma vitatu vilikuwa vinamshinda; sasa mlango ulikuwa umefunguka, na si kwa hatua moja moja.

Nisizidishe. Siku hiyohiyo nilipanga safu mbili za vizibo, sita na sita, zikitazamana. Akasema ziko sawa. Nikaitandaza ya pili ikawa ndefu, mbele ya macho yake, bila kuongeza kitu. Akasema hii ndefu ndiyo nyingi. Hili Jean Piaget alilieleza zamani, na watoto wengi hulivuka wakikaribia miaka 6 au 7. Halitibiwi kwa mazoezi ya haraka, nami sikumsahihisha. Nilimwachia safu zake akawa anazisogeza huku na huku. Kujumlisha kwa kuandika, ambako mama yake bado anaulizia kila Ijumaa, kutasubiri mpaka safu hizo zitakapotulia kichwani mwake.

Baada ya kisa hiki nilirudi kwa watoto wangu wengine na paka yuleyule, mmoja mmoja, kwa wiki mbili. Waliokuwa wamekwama kwenye mbili au tatu, huku madaftari yao yamejaa vema zangu nyekundu, walikuwa wengi kuliko nilivyokuwa tayari kusikia. Chini ya chati ya namba nimeongeza picha: korosho tatu, machungwa matatu, vikombe vitatu, watoto watatu, na kila moja imeandikwa kama tunavyoitamka. Daftari linafunguliwa mara mbili kwa wiki.

Juzi kazi ya vikombe nilimpa mtoto mwingine, mvulana anayeandika tarakimu nzuri kuliko wote. Nikamwambia alete vitano. Aliufungua mlango wa kabati, akaleta vyote.